Kinachobadilika Ndani ya Gegedu la Goti

Hotuba kwa wahudumu wa afya ya jamii na wazee, Kisumu

Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu, akina mama mliofunga vibanda vyenu Kibuye asubuhi hii ili mfike, wahudumu wa afya ya jamii kutoka Nyalenda, Manyatta na Kajulu: oyawore. Na wenzetu mliotoka Vihiga na Kakamega kabla jua halijachomoza, mulembe.

Nimeombwa nizungumze juu ya magoti. Ugonjwa nitakaoueleza huandikwa osteoathraitisi kwenye kadi za hospitali, na ningependa tuutaje hivyo kwa ukamilifu, kwa kuwa athraitisi, yaani magonjwa ya viungo, ni nyingi na tiba zake hazifanani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 528 duniani walikuwa nao, na goti ndicho kiungo kinachoongoza. Wengi wamevuka miaka 55, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Nyinyi mnawajua kwa sura, maana ndio mnaowatembelea majumbani.

Nimefundisha anatomia kwa miaka mingi, na popote ninapokaa na watu, iwe matangani au harusini, nasikia maelezo yale yale: mafuta ya magoti yameisha. Mtu akishaambiwa hivyo, hutafuta cha kuyarejesha. Atakula bamia kila jioni, atakunywa supu ya kwato, atauza kuku alipe sindano. Kisha ataambiwa na jirani apumzishe magoti, akae, asije akamaliza kidogo kilichobaki. Ushauri wa kwanza unamla pesa. Wa pili unamnyang'anya miguu, na ndio unaoniuma zaidi. Kwa hiyo naomba subira yenu tuingie mle ndani kabisa, hadi kwenye seli, ili mtakachomwambia mgonjwa mlangoni pake kiwe na msingi.

Goti lina ute unaolilainisha, hilo ni kweli. Lakini katika osteoathraitisi ute huo aghalabu haukauki. Mara nyingi maji huongezeka hadi goti likavimba, ingawa ute wenyewe huwa mwepesi kuliko unavyotakiwa. Kinachoharibika ni gegedu, na pamoja nalo kiungo kizima. Gegedu mnalijua kwa macho. Ukila paja la kuku, ile ncha ya mfupa iliyo nyeupe, yenye kung'aa, inayoteleza ukiigusa kwa kidole, imefunikwa na gegedu. Kwenye goti la binadamu unene wake kwa sehemu kubwa ni milimita 2 hadi 4 tu, na nyuma ya kifuniko cha goti huzidi hapo. Tabaka hilo jembamba ndilo linalobeba mwili mzima unapopanda ngazi ukiwa na debe la maji kichwani.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Gegedu halina mshipa hata mmoja wa damu. Halina neva. Ndani yake kuna seli za aina moja tu, ziitwazo kondrosaiti, na hizo kwa mtu mzima huchukua takriban asilimia 2 ya ujazo wote. Kila seli inakaa peke yake ndani ya kijumba chake, mbali na mwenzake, kwenye oksijeni haba, na katika mtu mzima mwenye afya huwa haigawanyiki. Chakula chake hutoka kwenye ute wa kiungo, nao huingia na kutoka kadiri gegedu linavyobanwa na kuachiliwa. Yaani unapotembea, unazilisha. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Zile asilimia 98 zilizobaki ni matriki, kitu ambacho seli zenyewe zimekijenga kuzizunguka. Maji ni asilimia 65 hadi 80 ya uzito wake. Yaliyobaki ni vitu viwili hasa. Kuna nyuzi za kolajeni, nyingi zikiwa za aina ya 2, na kuna molekuli kubwa sana ziitwazo agrikani, zenye matawi mengi yaliyojaa chaji hasi ambazo huvuta maji bila kuchoka. Mama aliyewahi kuacha gunia la maharagwe makavu likanyeshewa anajua nguvu ninayoisema. Maharagwe yanafura, gunia linakaza, na ukilibonyeza ni gumu kama meza. Ugumu ule hautoki kwa gunia peke yake wala kwa maharagwe peke yake. Unatoka kwa ubishi wa hivyo viwili. Agrikani inafura kwa maji, kolajeni inaizuia isifure kupita kiasi, na katika mvutano huo ndimo unamopatikana uwezo wa kubeba uzito. Kolajeni nayo imepangwa kwa utaratibu: karibu na uso, nyuzi zinalala sambamba na uso ili kuhimili msuguano, na chini kabisa zinasimama wima, zimejikita kwenye gegedu lililoshika chokaa, lile linalopakana na mfupa.

Agrikani hubadilishwa polepole katika maisha ya mtu. Kolajeni haibadilishwi. Jambo hili lilishukiwa kwa muda mrefu, na mwaka 2016 watafiti wa Denmark walilithibitisha kwa njia inayostahili kusimuliwa. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliongeza kaboni-14 hewani, ikaingia kwenye mimea, kwa wanyama na kwa watu. Ukipima kaboni hiyo kwenye kitu cha mwili, unaweza kukadiria kilijengwa miaka gani. Walipima kolajeni ya magoti wakakuta imejengwa utotoni na ujanani, basi, haikuongezewa tena, hata kwa wale waliokuwa na osteoathraitisi. Mama wa miaka 70 anayeshuka matatu pale Kondele anasimama juu ya kolajeni aliyoijenga akiwa msichana wa shule. Inapokatika, hakuna nyingine ya aina ile inayokuja kuishika nafasi yake.

Hapo ndipo tunapoanza kuuelewa ugonjwa.

Watu hudhani gegedu linasagika tu, kwamba ni uzee na msuguano, na kwamba seli zinakaa kimya zikitazama. Sivyo. Tukichukua gegedu la mgonjwa ambaye bado yuko mwanzoni na kulitazama kwa hadubini, tunakuta seli zimeamka. Zile zilizokuwa haziongezeki zimegawanyika, zimejikusanya kwenye vikundi, kadhaa ndani ya kijumba kimoja. Zinatengeneza agrikani kwa wingi kuliko zilivyofanya kwa miaka mingi. Zimesikia kwamba matriki imejeruhiwa, nazo zinajaribu kuitengeneza.

Zinasikiaje? Kila kondrosaiti imezungukwa na utando mwembamba wa matriki ya pekee, wenye kolajeni ya aina ya 6, na kupitia hapo inapima mzigo unaolikandamiza gegedu. Mzigo ukiwa mkali mno, au ukiangukia mahali pasipozoea, seli inajua. Pia vipande vya matriki iliyovunjika huishikilia seli na kuipa habari ya hatari. Ongezea kemikali za uchochezi, kama vile interlukini-1, zinazotoka kwenye utando wa ndani wa kiungo na kwenye seli zenyewe. Unene nao huleta kemikali zake, ndiyo maana watu wazito huugua zaidi hata viungo vya vidole, ambavyo havibebi mwili.

Lakini seli inayojenga inahitaji pia kubomoa ili ipate nafasi, na hapa ndipo kazi inapoiharibikia. Inatoa vimeng'enya vya kukata. ADAMTS-4 na ADAMTS-5 hukata agrikani. MMP-13 hukata kolajeni ya aina ya 2. Katika gegedu lenye afya vimeng'enya hivi vipo kwa kiasi na vinadhibitiwa. Katika ugonjwa huu vinapita mipaka. Mwaka 2005 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba panya waliozaliwa bila ADAMTS-5 inayofanya kazi walipata uharibifu mdogo sana wa gegedu, hata baada ya viungo vyao kuwekewa hali ya kuwaletea ugonjwa. Kwa hiyo mkono unaobomoa unajulikana, na mkono huo ni wa seli za kiungo zenyewe.

Rudini kwenye gunia letu. Nyuzi zikianza kukatika, maharagwe yanafura zaidi. Hivyo ndivyo ilivyo: dalili ya mapema kabisa katika gegedu ni kuongezeka kwa maji. Limelegea, linabonyea kirahisi, na kila hatua inazifikishia seli mzigo mkubwa zaidi, nazo zinazidi kutoa vimeng'enya. Agrikani mpya inayotengenezwa haina pa kushikilia, inavujia kwenye ute wa kiungo na kupotea. Uso uliokuwa laini unachanika nyuzinyuzi, kisha nyufa zinashuka chini.

Kuna jambo moja lililogunduliwa maabara ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote niliyoyasema. Ukiitoa kondrosaiti kwenye matriki yake na kuikuza juu ya sahani bapa, inajitandaza, inaacha kutengeneza kolajeni ya aina ya 2, na kuanza kutengeneza aina ya 1, ile ya ngozi na makovu. Mwaka 1982 ilionyeshwa kwamba ukiirudisha ndani ya jeli, ikazungukwa pande zote, inarudia umbo lake na kazi yake. Seli ndiyo inayoijenga matriki, lakini matriki ndiyo inayoikumbusha seli kuwa ni seli ya gegedu. Kikiharibika kimoja, cha pili kinapotea njia. Ninapowafundisha vijana, hapa husimama kwa muda, kwa sababu mtu akilielewa hili ameshaelewa kwa nini ugonjwa ukishafika mbali haurudi nyuma.

Maana seli zilizopoteza mazingira yake hufanya jambo la kusikitisha. Nyingine hurudia mpango wa zamani wa ukuaji. Mtoto anaporefuka, gegedu lililo karibu na ncha za mifupa yake hupitia hatua maalumu: seli zinavimba, zinatoa kolajeni ya aina ya 10, chokaa inajipanga, mishipa ya damu inaingia, na gegedu linageuka mfupa. Kwa mtoto hiyo ni baraka. Sasa mpango ule ule unafunguliwa ndani ya goti la nyanya yake. Gegedu la chokaa linapanda juu na kulipunguza lile laini. Mishipa ya damu inapenya kutoka kwenye mfupa, na pamoja nayo neva. Seli kadhaa zinakufa. Nyingine zinazeeka bila kufa, zikiendelea kutoa kemikali zinazowachochea majirani. Mfupa wa chini unakuwa mzito, na pembeni mwa kiungo unaota vinundu. Utando wa ndani unakasirishwa na mabaki yanayoelea kwenye ute, nao unavimba.

Sasa mnaona kwa nini maumivu huchelewa. Gegedu lenyewe haliwezi kuuma, halina neva. Mgonjwa anapokuja kwako akisema goti limeanza juzi, kinachouma ni mfupa, utando na nyama zinazozunguka, na safari ya gegedu huenda ilianza miaka mingi nyuma. Ndiyo maana pia eksirei na maumivu havilingani sana. Usimwambie mtu hana kitu kwa kuwa picha yake ni nzuri, wala usimwambie amekwisha kwa kuwa picha yake ni mbaya.

Katika eneo letu kuna njia mbili za kuufikia ugonjwa huu mapema ambazo napenda mziangalie kwa makini. Ya kwanza ni majeraha. Kijana ameanguka na bodaboda barabara ya Busia, au ameumia kwenye mechi ya mtaani, kano ya katikati ya goti imekatika au kile kipande cha gegedu kinachokaa kati ya mifupa kimepasuka. Mshtuko ule wenyewe huua seli za tabaka la juu siku ile ile. Uvimbe unaisha, anarudi kazini. Kati ya watu waliopata majeraha ya aina hiyo, takriban nusu huwa na osteoathraitisi miaka 10 hadi 20 baadaye. Wana miaka 35 au 40, wana watoto shuleni. Kijana wa namna hiyo anahitaji fiziotherapia miezi ile ya kwanza, kabla hajasahau kwamba aliumia.

Ya pili ni seli mundu, ambayo huku kando ya ziwa tunaijua vizuri. Damu ikishindwa kufika kwenye kichwa cha mfupa wa paja, mfupa unakufa na kubonyea, na gegedu la nyonga linakosa pa kulalia. Kijana wa seli mundu anayechechemea au anayesikia maumivu kwenye kinena hastahili kupewa paracetamol na kurudishwa nyumbani, apelekwe akachunguzwe.

Nilisema nitarudia habari ya kutembea. Seli hizi hutulizwa na mzigo wa wastani unaokuja na kuondoka, na hunyong'onyea zikikosa mzigo kabisa. Watu waliopooza miguu kwa kuumia uti wa mgongo wamepimwa, na gegedu la magoti yao lilionekana likipungua unene katika mwaka wa kwanza tu. Wala kukimbia si adui. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2017, uliokusanya tafiti nyingi, ulikuta osteoathraitisi ya nyonga na goti kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa kujifurahisha, na asilimia 10.2 ya wasiokimbia. Wale wa mashindano ya juu walikuwa asilimia 13.3. Ndugu zetu wa Iten wanaoishi kwa mbio wana mizani yao, lakini kwa mtu wa kawaida hesabu hizo hazimwogopeshi hata kidogo. Ninachowasihi ni kwamba msimwambie mama wa miaka 60 akae. Mwambieni atembee kadiri anavyoweza, asimame na kuketi kwenye kiti mara kumi bila kujisukuma kwa mikono, apumzike, arudie, kila siku. Misuli ya paja ikiwa na nguvu, mzigo haulifikii gegedu kwa kishindo. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si hatari. Yakizidi na kukaa hadi kesho yake, apunguze.

Uzito nao. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kwa wazee wanene wenye ugonjwa wa goti, kila kilo iliyopungua mwilini iliondoa kilo nne za mzigo gotini katika kila hatua. Hesabuni hatua za mama anayetoka Nyalenda hadi sokoni na kurudi.

Kuhusu vya kununua, nitasema kwa haraka. Bamia ni chakula kizuri, endeleeni kula, lakini ute wake unameng'enywa tumboni na haufiki gotini. Kolajeni ya supu inavunjwa vipande vipande kama protini nyingine yoyote. Vidonge vya glukosamini vilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 1,583, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 hayakuonyesha kwa jumla kwamba vinashinda kidonge kisicho na dawa. Sindano ya steroidi ndani ya goti hutuliza maumivu kwa wiki chache, na kuna mahali pake. Lakini jaribio la mwaka 2017, ambapo ilidungwa kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili, lilionyesha gegedu likipotea zaidi kuliko kwa waliodungwa maji ya chumvi, huku maumivu yakiwa sawa. Diklofenaki ya duka la dawa hupunguza maumivu, lakini kwa mzee mwenye presha au figo dhaifu inaweza kuleta balaa, na tumbo huvuja damu bila taarifa. Unga usio na lebo unaouzwa stendi kwa ahadi ya siku tatu, ukataeni waziwazi.

Wako wanaoniuliza kama seli haziwezi kupandwa. Zinaweza, kwa kiasi. Mwaka 1994 madaktari wa Sweden walitangaza kwamba walikuwa wamechukua kondrosaiti za wagonjwa 23, wakazikuza na kuzirudisha kwenye majeraha ya magoti yao. Tiba hiyo ipo hadi leo kwa shimo moja lililosababishwa na jeraha, katika goti ambalo bado ni zima. Kwenye osteoathraitisi seli mpya zingetua katikati ya vimeng'enya na uchochezi ule ule. Dawa iliyoidhinishwa ya kuzuia gegedu lisipotee bado haijapatikana. Mskoti William Hunter aliandika mwaka 1743 kwamba gegedu likishaharibika haliponi, na ingawa leo tunajua sababu zake kwa undani ambao yeye hakuuota, mgonjwa wetu bado yuko pale pale. Goti likishakwisha kabisa, upasuaji wa kubadilisha kiungo hufanya kazi nzuri sana, ila gharama yake mnaijua.

Kabla sijaketi, ninyi wa majumbani, yapo mambo ambayo si osteoathraitisi na hayasubiri. Goti lililovimba ghafla, lenye joto, na mgonjwa ana homa: hospitali siku hiyo hiyo, linaweza kuwa na usaha. Viungo vidogo vya vidole vya mikono yote miwili vimevimba, na ugumu wa asubuhi unapita saa nzima: hiyo huenda ni athraitisi ya baridi yabisi, ina dawa zake, na kila mwezi wa kuchelewa una hasara. Ugumu wa osteoathraitisi kwa kawaida huachia ndani ya nusu saa mtu akianza kutembea.

Nimemaliza upande wangu. Mama aliye safu ya tatu ameinua mkono tangu nilipotaja sindano. Tuanze na swali lake.